Sura ya Saba: Shamba la Ngano Juu ya Kochi

Mwaka 1821 mchoraji Mwingereza John Constable alionyesha London picha ya mkokoteni uliosimama katikati ya mto Stour, karibu na kinu cha baba yake. Farasi wamo majini, nyumba ya mkulima iko kushoto, na mawingu yametanda juu ya malisho. Maonyesho yakaisha bila mnunuzi. Miaka mitatu baadaye picha hiyo ilipelekwa Paris ikatunukiwa medali ya dhahabu, na leo The Hay Wain ni miongoni mwa picha za mandhari zilizonakiliwa mno Uingereza. Imechapwa kwenye mikebe ya biskuti, sahani na kalenda, na siku hizi kwenye kanvasi. Mtu wa Shella, Malindi, anaweza kuiagiza kwa simu, ikaletwa kwa basi imeviringishwa ndani ya bomba la karatasi ngumu, fundi akaiwamba kwenye fremu, na kabla ya magharibi ikawa ukutani.

Wapo wanaolicheka jambo hili. Mtu aliye na Bahari ya Hindi mlangoni, wanasema, ana haja gani na mto wa Uingereza? Na kama ni lazima apate picha, kwa nini nakala iliyotoka kwenye mashine? Maswali yote mawili ni ya haki, ila yanaulizwa na watu wasioujua ukuta wa Mswahili. Ukuta huo una historia ndefu ya kupokea vya mbali, na sehemu kubwa ya vilivyopokelewa ilikuwa nakala. Sura hii inaitetea picha ya kanvasi, kwa sharti moja: anayeitundika ajue ni nakala ya nini, imetengenezwa vipi, na kwa nini inafaa chumba chake.

Ukuta uliozoea vya mbali

Shella ni mtaa wa kale wa Malindi, uliojibana kati ya bahari na mji mpya. Kando ya msikiti wa Juma yamesimama makaburi mawili ya nguzo, na lile refu huhesabiwa kuwa la karne ya 15. Makaburi ya aina hii yako pwani nzima, na mengi yalipachikwa bakuli za kauri. Lile la Mambrui, kaskazini ya mto Sabaki, lilijulikana kwa bakuli zake za China. Aliyelijenga alikuwa na matumbawe tele, chokaa tele na mafundi wa kuchonga. Hata hivyo alitaka kitu kilichovuka bahari, akakiweka mahali ambapo kila mpita njia angekiona.

Ndani ya nyumba za mawe mambo yalikuwa hayo hayo. Ukuta wa ndani ulichongwa zidaka, na humo zikapangwa kauri, vitabu na vitu vya thamani. Katika karne ya 19 kauri za China zilipata washindani, sahani na bakuli za viwanda vya Staffordshire, Uingereza, na vya Maastricht, Uholanzi. Bidhaa hizi zilishuka Zanzibar na kusambaa pwani, hadi kwenye miji iliyokuwa ikifufuka wakati huo, Malindi ikiwamo, baada ya Sultani Majid kuihuisha kwa mashamba ya nafaka katika miaka ya 1860.

Sahani nyingi za Staffordshire hazikuchorwa kwa mkono. Fundi alichonga picha kwenye bamba la shaba, akalipaka wino, akaipiga chapa kwenye karatasi laini, kisha akaibandika karatasi hiyo kwenye sahani kabla ya kuitia mng'ao. Pambo lililotia fora kuliko yote liliitwa Willow: mto, daraja, mti ulioinamisha matawi, nyumba ya paa la mikunjo, ndege wawili angani. Ni mandhari ya China iliyobuniwa na Waingereza wa karne ya 18 wakiiga kauri za China, kisha ikachapwa kwa maelfu. Basi sahani ya namna hiyo kwenye kidaka ilikuwa mandhari ya nchi isiyokuwepo, nakala ya nakala, na bado ilikuwa fahari ya bibi mwenye nyumba. Anayedhani kanvasi ya mashine imeanza kuiharibu pwani amechelewa miaka mia mbili.

Kioja cha Malindi ya leo ni kwamba kila upande unatundika ya mwenzake. Tangu Waitaliano walipofika na kituo chao cha roketi cha San Marco, Ngomeni, katika miaka ya 1960, wengi walijenga nyumba za likizo mjini na viungani. Ingia katika nyumba za wageni na hoteli utaona majahazi, minazi na milango ya kuchonga kwenye fremu. Vuka barabara uingie sebule ya mwenyeji, unaweza kukuta milima yenye theluji. Picha ya mandhari kazi yake ya kwanza ni kufungua dirisha mahali pasipo na dirisha, na hakuna anayefungua dirisha aangalie ukumbi wake mwenyewe.

Nakala ina ukoo

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nakala ya leo imepita mikononi mwa mafundi wa karne nne.

Claude Lorrain, Mfaransa aliyeishi Roma, alipata sifa kubwa kwa mandhari za bandari na machweo hata wadanganyifu wakaanza kuuza picha za bandia kwa jina lake. Kuanzia miaka ya 1630 alijiwekea daftari la michoro, kila picha aliyouza akaichora humo, na nyuma ya michoro akaandika majina ya walionunua. Daftari hilo, Liber Veritatis, sasa liko British Museum. Mwaka 1777 Richard Earlom aliitoa michoro hiyo kwa chapa, na watu wasioweza kumiliki picha ya Claude wakapata angalau kivuli chake. Kitabu kilichotungwa kuzuia nakala kikawa mama wa nakala.

Constable naye hakungoja wengine. Katika miaka ya 1830 alimlipa mchonga chapa David Lucas azigeuze mandhari zake kuwa picha za wino mweusi, akimsimamia hatua kwa hatua, maana alijua kwamba anga lake likiharibika kwenye chapa, limeharibika machoni mwa watu wengi ambao hawataiona rangi ya mafuta.

Rangi ilipoingia kwenye chapa, biashara ilifumuka. Mwaka 1837 Godefroy Engelmann alipewa hataza Ufaransa ya kuchapa kwa rangi nyingi kutoka kwenye mawe, kila rangi na jiwe lake. Baada ya hapo wachapaji waliipaka karatasi vanishi na kuikandamiza ipate mikwaruzo ya nyuzi, ili ionekane ni mafuta juu ya kitambaa. Kanvasi tunayoiona madukani ni mjukuu wa karatasi hiyo.

Hatua ya mwisho ilitoka Marekani. Mwanamuziki Graham Nash alinunua mashine ya Iris, iliyotengenezwa kwa ajili ya kukagua rangi kabla ya uchapaji wa magazeti, akaitumia kuchapa picha za sanaa. Mwaka 1991 karakana yake ilifunguliwa rasmi huko California. Mashine ile ilirusha matone madogo ya wino kwenye karatasi nene, na matokeo yalistaajabisha. Kasoro yake ilijitokeza baadaye: wino wa mwanzo ulipauka haraka. Ndipo watengenezaji wakahamia wino wa chembe za rangi, unaostahimili mwanga kuliko wino wa rangi iliyoyeyushwa. Tofauti hiyo ya wino, tutakavyoona, ndiyo inayoamua kama picha yako ya Shella itaishi au itakufa.

Picha isiyo na roho

Nyumba nyingi za Shella ni za Waislamu, na kwao suala la picha halianzi na uzuri. Linaanza na hadithi za Mtume kuhusu picha ndani ya nyumba, na kuhusu anayetengeneza sura ya kiumbe. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya picha za kamera na mambo mengine ya kisasa, na kila nyumba ina msimamo wake. Lakini kuna jambo moja ambalo karibu wote wanalikubali. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba Ibn Abbas aliulizwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa kutengeneza picha. Alimwonya, kisha akamwelekeza: kama hana budi, achore miti na visivyo na roho.

Hiyo ni ruhusa ya mandhari, na Waislamu waliitumia mapema. Msikiti wa Umayyad, Damascus, uliokamilika mwaka 715 wakati wa Khalifa al-Walid wa kwanza, umepambwa kwa vijiwe vya rangi na dhahabu: mto, miti mikubwa, nyumba na kasri. Hakuna mtu hata mmoja, hakuna mnyama. Ni mojawapo ya mandhari kubwa za kale zilizosalia duniani, na imo ndani ya msikiti.

Kwa hiyo mama wa Shella anayekataa picha ya simba na kuchagua ya mlima ana mapokeo nyuma yake, na anayefikiri amekosa ladha hajui asemalo. Hata hivyo achunguze. Wachoraji wa Ulaya walipenda kutia watu wadogo ndani ya mandhari. Claude karibu kila mara ana wachungaji au mabaharia. The Hay Wain ina watu, farasi na mbwa, na ukimwambia fundi awakate, umekata moyo wa picha. Badala ya kukata, chagua picha ambayo mchoraji mwenyewe hakuweka kiumbe. Cézanne alichora mlima Sainte-Victoire mara nyingi bila mtu. Van Gogh, katika mwaka 1889, alichora shamba la ngano na mivinje mirefu ya Ulaya chini ya mawingu yanayozunguka, na hakuna anayetembea humo. Picha hiyo iko Metropolitan Museum, New York.

Ipi, na kwa ukubwa gani?

Nyumba njema si mlango, na picha njema si umaarufu. Kuna vipimo vitatu vinavyomfaa mwenye nyumba wa pwani.

Cha kwanza ni anga. Malindi ni tambarare, upeo wa macho uko chini, na siku nzima mawingu ndiyo yanayobadilika. Wachoraji walioielewa nchi ya namna hii ni Waholanzi wa karne ya 17. Jacob van Ruisdael alipoutazama mji wa Haarlem kutoka kwenye vilima vya mchanga, aliipa mbingu theluthi mbili za picha. Mtu wa Shella ataielewa picha hiyo upesi kuliko vilele vya Alps, kwa kuwa anga zito juu ya ardhi bapa analijua tangu utotoni.

Cha pili ni bahari ya namna gani. Picha ya Monet ya bandari ya Le Havre alfajiri, Impression, soleil levant ya mwaka 1872, ina ukungu, milingoti na jua jekundu, mambo ambayo yeyote aliyewahi kusimama gatini Malindi baada ya swala ya alfajiri ana ya kuyalinganisha nayo. The Ninth Wave ya Ivan Aivazovsky, ya mwaka 1850, ni habari nyingine. Manahodha wa mitandaoni wanaipenda kwa mwanga wake wa kijani na dhahabu. Itazame vizuri: ni watu waliovunjikiwa na chombo, wamening'inia kwenye mabaki ya mlingoti, na wimbi linakuja. Katika nyumba ambayo mume au mwana huenda baharini usiku, picha hiyo haimpumzishi aliyebaki.

Cha tatu ni ukubwa wa asili. The Hay Wain ina upana wa karibu sentimita 185, na ukiipunguza iwe ya sentimita 40 majani yote yanakuwa tope. Wimbi la Hokusai, lililochapwa kwa mbao yapata mwaka 1831, lina upana wa sentimita 38 tu. Lilitengenezwa lishikwe mkononi, na ukilivuta hadi mita mbili linakuwa bango. Shamba la ngano la Van Gogh, lenye sentimita 93 kwa 73, linakaa vizuri juu ya kochi la watu watatu kwa kipimo chake chenyewe. Hii ndiyo sababu nimeiita sura hii kwa jina lake.

Kabla ya kulipa, hesabu pikseli. Kanvasi ya sentimita 90 kwa 60, kwa nukta 150 kila inchi, inahitaji faili la pikseli 5,300 kwa 3,500, karibu milioni 19. Picha iliyopitia WhatsApp mara nyingi hupunguzwa hadi pikseli 1,600 hivi upande mrefu. Ukiitoa kwa ukubwa huo itavunjika vipande vipande, na lawama ataangushiwa fundi.

Chumvi, unyevu na mchwa

Sasa tushuke kwenye ukuta wenyewe. Nyumba ya matumbawe na chokaa inapumua: maji hupanda kutoka chini, hupenya, na hutoka kupitia plasta. Ukibandika kitu kwa kukiziba ukuta, unyevu hukwama nyuma yake na kuvu huota. Kanvasi ina heri kuliko picha ya kioo, maana hewa inapita, ila ipewe nafasi. Gundi vipande vidogo vya kizibo au mpira kwenye pembe nne za nyuma ili isigusane na plasta.

Msumari wa kawaida haufai. Kwanza, chokaa ya zamani humomonyoka, na msumari ukitikisika unaacha shimo la kidole. Pili, hewa ya bahari hula chuma, na kutu hushuka ukutani kwa mistari ya kahawia. Tumia skrubu isiyoshika kutu pamoja na kiziba chake cha plastiki, na toboa taratibu.

Mwulize fundi mambo manne. Wino ni wa chembe au wa rangi iliyoyeyushwa? Kanvasi imepakwa vanishi? Fremu ni mbao ya nini? Na je, ameacha kanvasi ya kutosha kukunja nyuma? Fremu ya mbao laini isiyotiwa dawa ni karamu ya mchwa, na ile ya mbao ya kubandikwa hufura masika. Mbao ngumu iliyokauka vyema ni ghali, lakini hulipwa mara moja. Kanvasi ya pamba tupu hulegea na kukaza kwa kufuata hewa, na iliyochanganywa na poliesta hutulia zaidi. Ikilegea, vipo vijiti vya kabari vya kupigwa kwenye pembe za fremu iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, na huwamba tena.

Usiitundike mkabala wa mlango wa mashariki, jua la asubuhi linapopiga moja kwa moja. Usiitundike karibu na jiko. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu kilicho laini, na wakati wa kaskazi, upepo unapoleta mnyunyizo wa chumvi, futa mara nyingi zaidi. Maji na sabuni viache kwa vyombo.

Haki ya mchoraji

Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Kazi ya mchoraji inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Constable alikufa 1837, Van Gogh 1890, Cézanne 1906, Monet 1926. Hao wote kazi zao ziko huru. Joy Adamson, aliyechora mimea na watu wa Kenya kabla dunia haijamjua kwa simba Elsa, aliuawa Januari 1980, kwa hiyo michoro yake inalindwa hadi mwisho wa 2030. Anayeichapa na kuiuza leo bila idhini anavunja sheria, hata kama ameikuta bure mtandaoni.

Kwa kazi zilizo huru, mlango mwaminifu ni wa makumbusho yenyewe. Rijksmuseum ya Amsterdam iliweka mkusanyiko wake mtandaoni kwa picha kubwa zinazopakuliwa bure, na mwezi Februari 2017 Metropolitan Museum ilitoa zaidi ya picha 375,000 bila sharti lolote. Shamba la ngano la Van Gogh limo. Faili linalotoka huko lina rangi zilizokaguliwa mbele ya picha yenyewe. Lile la kuokota ovyo huwa limekolezwa na watu wengi, manjano imekuwa chungwa na buluu imekuwa zambarau.

Mandhari zetu nazo ni za kale

Msomaji atauliza: je, kwetu hapakuchorwa? Palichorwa. Mwaka 1572 Georg Braun na Frans Hogenberg walitoa huko Cologne kitabu cha miji ya dunia, na ndani yake ukurasa mmoja una Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Mombasa inaonekana kutoka baharini, kisiwa chenye nyumba zilizosongamana na vyombo mbele yake. Walioichonga walifuata habari za wasafiri, na mengi waliyakisia. Lakini ni picha ya mji wa Waswahili iliyochapwa kwa shaba miaka zaidi ya 450 iliyopita, haki zake zimekwisha, na kwenye ukuta mweupe wa Shella inasimama bila aibu. Karibu miaka ya 1850 nahodha Mfaransa Charles Guillain naye alitoa albamu ya chapa za mawe kutokana na safari zake pwani, zikiwamo za Mogadishu na Zanzibar.

Malindi yenyewe bado inamngoja mchoraji wake, naye hatapaswa kuiiga kadi ya watalii. Masika, Sabaki ikifurika, ghuba yote hugeuka kahawia nyekundu kwa udongo ulioletwa kutoka bara, na mstari unaoigawa bahari ya tope na ya buluu huonekana kutoka ufuoni. Hoteli hazitundiki picha hiyo. Ruisdael angeitundika, maana alipenda ardhi na anga vilivyo, siku mbaya na siku njema. Kijana wa Shella mwenye kamera nzuri au brashi anaweza kuifanya kazi hiyo, na mashine ile ile inayochapa shamba la ngano la Ufaransa itaichapa ya kwake kwa wino ule ule na kwa gharama ile ile. Nunua ya Van Gogh kwa ukuta mmoja, na ukuta wa pili mwekee huyo kijana.

Na zote mbili, kabla hujazitundika, zigeuze. Nyuma, kwenye mbao ya fremu, andika kwa kalamu isiyofutika jina la mchoraji, mwaka wa picha, mahali ilipo picha asili, nani kachapa na lini. Claude alifanya hivyo kujilinda na wezi. Wewe utafanya hivyo kwa ajili ya mjukuu atakayeirithi nyumba, asije akaambiwa na dalali kwamba ni mali ya mamilioni, wala asije akaitupa akidhani haina asili.